Viti Kumi na Viwili vya Mulimani

Vero alizikwa Jumanne iliyopita, na mimi nilikwenda kwenye kilio. Njiani, nikiwa nimepanda pikipiki ya taxi-moto, nilijiambia kwamba mtu aliyekufundisha kazi huwezi kumwacha aingie ardhini bila kumsindikiza. Nilikaa chini ya hema kati ya wanawake wa kwaya, nikawasikiliza wakimsifu. Walisema alifundisha wasichana wengi kazi ya kudarizi, kwamba nusu ya nembo tunazoziona kwenye mifuko ya mashati ya Kolwezi zimetoka mikononi mwake au mwa wanafunzi wake. Ilikuwa kweli. Mmoja akanigeukia: "Mama Astride, weye njo ulikuwa wa kwanza. Simama, useme neno moya." Nilitikisa kichwa. Wakadhani ni uchungu, wakanipigapiga mgongoni, mmoja akaniletea maji. Nina miaka arobaini na mitatu, nimewazika watu niliowapenda, na sijawahi kukaa kwenye kilio macho yakiwa makavu namna ile. Nilichokuwa nacho moyoni kilihusu mwaka mmoja tu, na hakikuwa cha kusemwa mbele ya jeneza.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mitano na maisha yangu yote yalikuwa ndani ya nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa atelye ya Vero, karakana yake ya kushonea, huko Dilala, gereji ya zamani ya nyumba ya kampuni. Katikati kulikuwa na shimo ambamo zamani mafundi waliingia kutengeneza magari kwa chini. Vero alilifunika kwa mbao, akaweka juu yake meza ya kukatia, na ukikanyaga ubao upande mmoja, mkasi ulicheza upande wa pili. Harufu ya mafuta ya gari haikuwahi kutoka kwenye kuta. Tulishona mavazi ya komunio ya kwanza ndani ya harufu hiyo. Kulikuwa na mashine mbili za kudarizi, moja nzee na moja mpya kidogo, na umeme uliokuja ulipotaka. Saa nne tulikula mkate na maharagwe tuliyonunua kwa mama aliyekuwa akiuza nje, na wakati wa kula Vero alizungumza. Alikuwa amenizidi miaka tisa. Nilimwita Yaya, yaani dada mkubwa, na halikuwa neno la heshima tu. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kitambaa kinatangulia uzi: ukikibana vibaya kwenye duara la kudarizia, hata mashine iwe nzuri namna gani, herufi zitalala kama walevi.

Viti vilifika mwanzo wa kiangazi, ndani ya makatoni, kwenye lori mbili. Kampuni moja ya machimbo ilikuwa imejenga ofisi mpya, na mkuu wake alitaka kila kiti kiwe na nembo: duara la rangi ya chungwa, pembe mbili za swala ndani yake, na chini jina la kampuni. Viti mia mbili na arobaini. Hatukuwa tumewahi kuona viti vya aina ile. Tulipokiunganisha cha kwanza, Vero alikikalia, akavuta kishikio cha pembeni, kiti kikashuka polepole kama mtu mnene anayekaa, naye akapiga kelele ya furaha. "Astride, kuya! Hii kitu inashika kiuno!" Nami nikakalia. Mgongo ulikuwa wa wavu mweusi, na chini kidogo palikuwa na kipande kilichojitokeza, kikausukuma mgongo wangu pale pale ulipokuwa unaniuma kila jioni. Nilikaa pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli ya mbao kwa miaka minne na sikujua kama kuna watu mahali fulani ambao kazi yao ni kuufikiria mgongo wa mtu wasiyemjua.

Tatizo lilikuwa ule wavu. Tulijaribu kuibandika nembo kwa pasi ya moto na wavu ukayeyuka, ukajikunja kama karatasi ya pipi. Kiti kimoja kiliharibika. Mimi ndiye niliyeona, jioni nikiwa nafunga makatoni, kwamba egemeo la kichwa lilikuwa limevikwa kitambaa chenye zipu ndogo kwa chini. Ukilivua vazi lile, ukabandika karatasi nyuma yake, ukalibana vizuri, mashine inaweza kudarizi juu yake. Ukimaliza unaichana ile karatasi, unalivika tena, na hakuna anayeona mshono umepitia wapi. Vero alinikumbatia. "Tukimaliza hii kazi, ile mashine ya zamani itakuwa ya kwako. Mi nasema mbele ya Mungu." Nililala usingizi wa mtu aliyekwisha kuwa na kitu chake.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Mama Mujinga, huko Mulimani, ambako nilikuwa nimepanga chumba. Mulimani ni jina tulilolizoea sisi wenyewe, kartie, yaani mtaa, wa nyumba za zamani za wafanyakazi, pembeni ya Dilala, mahali ambapo barabara inaanza kupanda. Mume wake alikuwa amefanya kazi chini ya ardhi mpaka mapafu yakamkataa, na nyumba ile ndiyo iliyobaki ya maisha yake. Mama Mujinga alikuwa mfupi, mwenye sauti nzito, na hakunitendea kama mpangaji. Jumapili baada ya misa alipika bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa kukaanga, na alikuwa na sheria moja tu: asiyekula kwa mkono asikae karibu naye. Vero alikuja karibu kila Jumapili. Hakuwa na mtu mjini, na Mama Mujinga alisema nyumba isiyo na mgeni inanuka.

Mwaka ule Mama Mujinga alikuwa akijenga. Binti yake aliyekuwa akiishi Lubudi alikuwa amefiwa na mume, na alikuwa na watoto watatu. Chumba kimoja cha nyongeza kingetosha warudi nyumbani. Alifyatua matofali mwenyewe nyuma ya nyumba, akayachoma mwenyewe, akisaidiwa na jirani na mimi nikiwa na nafasi. Nakumbuka Jumapili moja ukuta ukiwa umefika kiunoni. Vero alivua viatu, akajifunga kitenge vizuri, akabeba matofali pamoja nasi. Halafu akasimama mahali ambapo mlango ungekuwa, akatazama jua. "Mama, mulango bauweke huku upande," akasema. "Pale jua itakuwa inaingia asubui yote, batoto habatalala." Mama Mujinga aliweka mikono kiunoni akafikiri. "Iko kweli," akasema. "Vero eko na akili." Akamwambia fundi aliyekuwa akimjengea ukuta abomoe mistari mitatu ya matofali aliyokwisha kujenga, ahamishe mlango. Tukaingia kula. Vero alisifu samaki.

Nimeirudia Jumapili ile mara nyingi kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu. Nimeangalia uso wake nikitafuta kitu: jicho lililokwepa, tonge lililokwama. Sijapata. Alikula vizuri, akaomba kuongezewa sombe.

Kesho yake, Jumatatu, nilifika atelye mapema kuliko yeye, nikaanza kufagia. Chini ya mashine mpya palikuwa na karatasi za nyuma zilizochanwa, na nilishangaa, kwa sababu Jumamosi nilikuwa nimeacha sakafu safi. Ina maana alikuwa amefanya kazi Jumapili, kabla au baada ya kuja kula kwetu, na hakuniambia. Nikaokota moja. Mtu wa kazi hii anaweza kusoma karatasi iliyochanwa, kwa kuwa sindano inaacha matundu madogo pale ilipopita. Nilijua ningeona pembe za swala. Lakini chini ya pembe na jina la kampuni palikuwa na mstari mwingine, wa herufi ndogo, ambao haukuwemo kwenye kazi tuliyokuwa tukiifanya. Niliigeuza karatasi, kwa kuwa kwa nyuma maneno yanakwenda kinyume, nikaiinua kwenye dirisha. Mwanga ukapita ndani ya matundu, nami nikasoma herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza: RELOCALISATION MULIMANI. Kwa Kifaransa, maana yake ni kuwahamisha watu wa Mulimani.

Nilisoma tena. Kisha nikainua turubai lililokuwa kwenye kona. Viti kumi na viwili vilikuwa pale. Sita vilikuwa vimekwisha kudariziwa, na herufi zilikuwa zimelala, kwa maana Vero alikuwa ameshona kwa haraka. Sita vilikuwa bado.

Alinikuta nimekaa chini, karatasi mkononi. Hakuuliza ni nini. Alifunga mlango wa gereji, kitu ambacho hatukuwahi kukifanya mchana kwa sababu ya joto.

"Toka wakati gani?" nikauliza.

"Toka mwanzo." Alisema bila kuzungusha. "Ule tata wa kampuni, mukubwa wa manunuzi, aliniambia siku ya kwanza. Aliniambia, kuko ofisi moja ndani ya ile ofisi, itakuwa ya kuhamisha bantu ba Mulimani. Shaba iko chini yabo. Akasema, ukifungua kinywa, kazi inaenda Lubumbashi."

"Na weye ulinyamaza."

"Mi nilinyamaza."

"Yaya, jana ulibeba matofali."

Hapo aligeuza uso. "Ulitaka nifanye nini? Nikae chini niangalie mama anabeba peke yake?"

"Ulimuambia ahamishe mulango!"

Alikaa kwenye moja ya viti vile, kikashuka naye. "Juu kama ningekaa kimya bila kusema kintu, angejua," akasema. "Angeniangalia tu, angejua. Ikanipasa niongee sawa siku zote." Kisha akasema, kwa sauti ya chini zaidi, neno ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa la kujitetea au la kuungama: "Mi sikuuza nyumba yake, Astride. Ilikuwa imekwisha kuuzwa. Mi nilishona tu."

Nilimwacha palepale, nikatembea mpaka nyumbani. Mama Mujinga alikuwa nyuma ya nyumba, anakoroga udongo kwa miguu, sketi imefungwa juu ya magoti. Nilipomwambia alicheka. Akaniuliza kama nimekula. Nilipomwambia kwamba Vero alijua tangu kabla tofali la kwanza halijachomwa, alikasirika, lakini kwa upande wangu. "Nyamaza na ile neno," akasema. "Vero alikula hapa jana. Muntu anaingiza mukono mu bukari yangu, halafu anifanyie vile? Apana. Umesikia mubaya." Ikabidi nimwingize ndani, nimsimamishe dirishani, niiinue ile karatasi. Hakuwa msomaji mzuri, lakini jina la mahali alipoishi miaka thelathini alilijua. Alipitisha kidole juu ya matundu kutoka herufi moja hadi nyingine. Kisha akakaa kitandani kwangu, udongo ukikauka miguuni. Hakuitaja nyumba. Alisema, "Na sombe aliongezewa."

Mkuu wa avenyi yetu, yaani barabara yetu ya mtaani, alikwenda mjini kuuliza, akaambiwa ni uvumi, watu warudi kwenye kazi zao. Wengine waliamini karatasi yangu, wengine walisema msichana wa atelye anatafuta makuu. Fundi alisimama, ukuta ulibaki kiunoni, na pengo la mlango upande ule uliochaguliwa na Vero. Jioni Mama Mujinga aliniuliza, "Utarudia kule?" Nikamjibu kwamba nitakwenda kuchukua vitu vyangu tu.

Hapa ndipo napaswa kuandika jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilikwenda kuchukua vitu vyangu, na nikakaa siku tatu. Vero hakunilazimisha. Alisema: "Bimebaki sita. Ukitaka kwenda, enda, na mashine yako utaipata vile nilisema. Mi si muntu wa kurudisha neno." Angenitukana, ningeondoka. Alinitendea haki, nami nikaiangalia ile mashine nzee, chuma chake kilichong'aa pale kiganja changu kilipozoea kukaa, nikaona aibu kuichukua bila kumaliza kazi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini kulikuwa na jambo jingine, dogo na baya zaidi. Zile herufi zake zilizolala zilikuwa zinaniudhi. Nililibana kila vazi taratibu, nikapima mara mbili, nikachagua uzi. Umeme ulipokatika nilimalizia kwa mkono. Katika zile sita, neno MULIMANI lilisimama wima, safi, kama limechapwa kitabuni. Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizokuwa nimefanya mpaka siku ile, na niliifanya nikijua. Kila jioni nilirudi nyumbani kwa Mama Mujinga, nikamwambia bado nakusanya vitu vyangu, nikala chakula chake.

Baada ya wiki tatu gari lenye kipaza sauti lilipita avenyi kwa avenyi likituita kwenye ukumbi wa parokia. Tulikaa kwenye mabenchi, wengi wakasimama kando ya kuta, wanawake na watoto mgongoni. Mbele, wametuelekea, walikaa watu wa kampuni na wa serikali, na walikuwa wameleta viti vyao. Vero mwenyewe alikuwa ameingia na vijana wawili wa lori kuvipanga, kwa sababu kuvifikisha na kuvirudisha kulikuwa sehemu ya kazi aliyopewa. Vilipangwa kumi na viwili kwa mstari, migongo ukutani, na kwenye kila egemeo la kichwa pembe za swala, na chini ya pembe jina letu. Mwanamume aliyeketi katikati alisoma kwa Kifaransa, kisha kijana mmoja akatafsiri. Kila nyumba ingehesabiwa, kila familia ingepewa nyumba nyingine mahali pazuri, kwenye barabara ya kutokea mjini. Kilichoanza kujengwa na hakijaezekwa hakitahesabiwa.

Mama Mujinga alisimama. Hakuomba ruhusa. Alitembea mpaka mbele, polepole, akasimama mbele ya yule mwanamume wa katikati. "Tata," akasema, "mi nazeeka. Mugongo inaniuma. Munipatie kiti." Yule mwanamume alitazama huku na huku, kisha akainuka, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Mama Mujinga akakalia, na kiti kikashuka kidogo, naye akaishika mikono miwili ya kiti kwa hofu, halafu akajiegemeza. Akatugeukia sisi, si wao. "Iko muzuri," akasema. "Bale balitengeneza hii kiti balifikiri mugongo yangu, na habanijue hata jina. Hawa banajua jina yangu, banaandika nyumba yangu mu karatasi. Nani kati yabo alinifikiri?" Kijana wa kutafsiri hakutafsiri. Watu walipiga makofi, wengine wakapiga miguu chini, na kwa dakika chache mtu angeweza kuamini kwamba jambo limebadilika.

Halikubadilika. Kabla ya mvua nyingi tulihamishwa. Mama Mujinga alipewa nyumba ya vyumba viwili vya bloku za saruji, kwenye uwanja mwekundu usio na mti hata mmoja, na maji mbali. Binti yake alibaki Lubudi. Wajukuu walikuja wakati wa likizo, wakalala sebuleni kwenye mkeka. Nilihamia pamoja naye, nikiwa na ile mashine, maana Vero aliituma kwa lori siku ile ile ya kuhama, imefungwa vizuri ndani ya blanketi. Nilidarizi beji za shule kwa mashine ile kwa miaka mingi, nikalea watoto wangu kwayo. Mama Mujinga aliishi miaka sita pale. Vero alikuja mara moja tu kumwona, akakaribishwa, akapewa maji ya kunywa, hakupewa chakula. Akaelewa, hakurudi.

Lakini siku ile ya mkutano haikuishia ndani ya ukumbi. Watu walipoanza kutoka, nilikwenda kumsaidia Mama Mujinga kuinuka kwenye kile kiti. Alikuwa amegeuka nusu, anaangalia egemeo la kichwa. Alipitisha kidole juu ya herufi, kama alivyofanya kwenye karatasi. Kisha akavitazama vile vingine, kimoja kimoja, akarudi kwenye hiki. Alikuwa na vitambaa vya meza nilivyomshonea mimi. Aliujua mkono wangu kama anavyoujua mwandiko mtu aliyezoea kupokea barua.

"Bile bingine binalala," akasema. "Hii inasimama muzuri. Ni weye ulishona?"

"Ndiyo, mama."

"Wakati ulishona, ulikuwa unajua?"

Vero alikuwa hatua mbili kutoka pale, ameinama anashika kiti cha jirani ili akisukume nje. Alisimama. Yeye peke yake duniani alijua ni siku gani nililibana vazi lile, ni nani aliyekuwa amefunga mlango, ni uzi gani nilioukata. Neno moja lake lingetosha, na sikuwa nimemwachia sababu yoyote ya kunihurumia: mimi ndiye niliyelitangaza jina lake Mulimani nzima.

"Apana, mama," nikasema. "Nilikuwa sijajua bado."

Vero aliniangalia. Nilimwona akisikia, nilimwona akihesabu siku. Kisha akainamisha kichwa, akasukuma kiti chake mpaka mlangoni, na nikasikia sauti yake nje ikiwaambia vijana wa lori, "Mufunge muzuri, bisianguke mu njia."

Mama Mujinga alinishika mkono ajiinue. Mkono wake ulikuwa mzito na mkavu. "Mi nilijua," akasema. "Weye hauko sawa na ule." Akaniegemea, tukapita katikati ya mabenchi, tukatoka, tukatembea mpaka nyumbani hivyo hivyo, na kwa njia yote hakuniachia.